Mcheka Kosa Si Mcheka Mtu

Ndugu msomaji, katika mji wa Tunduma yupo kijana mmoja, karani wa muda katika afisi ndogo ya umma, ambaye nusura apoteze kazi yake kwa sababu ya godoro. Godoro lenyewe hakuliiba, wala hakulivusha mpaka bila ya kulilipia ushuru. Lilikuwa ni godoro la kubuni, lililoandikwa kwa kalamu katika kauntabuku, ndani ya hadithi fupi ya kuchekesha. Sisi tulijaaliwa kuwapo wakati shauri hilo lilipozungumzwa, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza suala ambalo tunaona linawahusu wasomaji wa gazeti hili wa Unguja na Pemba, na khasa wale waliokabidhiwa dhamana ya kuwatumikia wananchi. Mwandishi anapoyachukua mambo ya kweli aliyoyaona kwa macho yake akayageuza kichekesho, je, anajenga au anabomoa?

Kabla ya kulijibu suala hilo, yafaa tupaeleze mahali penyewe, maana wengi wetu Visiwani tunalijua jina la Tunduma kwa kulisikia tu. Mji huo uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, katika Mkoa wa Songwe, ambao ulizaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Mkoa huo una Wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Ni nchi ya kahawa na mahindi, na huko Mbozi ndiko liliko lile jiwe mashuhuri lililoanguka kutoka mbinguni, yaani kimondo. Ni nchi ya baridi vile vile. Sisi tulishuka kwenye basi alfajiri ya mwezi wa Juni tukiwa tumevaa kanzu nyepesi kama tunakwenda Forodhani kupunga upepo, na wenyeji walitutazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. Hatukuwalaumu. Mtu anayetetemeka huku akisisitiza kwamba hali ya hewa ni nzuri ni kichekesho, awe kiongozi au asiwe.

Tunduma ni mlango wa nchi. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, katika Jamhuri ya Zambia. Hapo inapita barabara kuu ya kwenda kusini, na hapo pia inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa China kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Malori hufuatana kama siafu. Kituo cha huduma za pamoja mpakani, kilichofunguliwa 2019, kimeziweka idara za nchi mbili mahali pamoja, ili msafiri asisimame mara mbili kwa jambo moja. Lakini wananchi wa pale walikuwa wakichanganyika kabla ya kituo na kabla ya mpaka wenyewe kuchorwa. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Shilingi na kwacha hukutana katika kiganja kimoja. Na mtu anaweza kunywa chai upande huu akaenda kumzika shangazi yake upande wa pili.

Mahali kama hapo hapana haja ya mwandishi kutafuta visa. Visa vinamtafuta yeye. Kijana wetu alitusomea kimoja kinachomhusu jogoo aliyenunuliwa Nakonde na kufugwa Tunduma. Kila jioni jogoo huyo hurudi kulala kwao Zambia, na asubuhi huja kula mahindi Tanzania, bila ya hati ya kusafiria wala kugongewa muhuri. Mwenye jogoo, kwa kuwa ni raia mwema, akaenda afisini kuuliza ni nani anayestahili kutozwa: yeye mwenyewe, au jogoo? Kikao kikaitishwa. Wakati wajumbe wakijadiliana kifungu cha sheria, jogoo akawika dirishani, na kila mjumbe akatazama saa yake akakumbuka kwamba muda wa kazi umekwisha. Tulicheka sana, tena tulicheka kwa ujuzi, kwani vikao vya namna hiyo tumepata kuvihudhuria, na vingine, tukisema kweli, tumepata kuviongoza.

Tulimwuliza kijana huyo anaandikaje. Alitwambia kwamba mchana haandiki chochote, kwa sababu mchana ni mali ya mwajiri. Husikiliza tu. Usiku, baada ya saa tatu, hufungua kauntabuku lake na kuandika maneno aliyoyasikia siku ile, maneno matupu, bila ya jina la aliyeyasema. Kisha huyaacha yalale. Alisema kwamba neno likilala mwezi mzima na bado likamchekesha, hapo hulitafutia hadithi. Lakini likiwa limechacha, hulifuta. Hadithi ikikamilika humsomea mama lishe mmoja jirani na stendi ya mabasi, wakati mama huyo anasonga ugali. Mwiko ukisimama ndani ya sufuria, hadithi ni nzuri. Mwiko ukiendelea kuzunguka, hadithi inarudi kwenye kauntabuku.

Haya ni mazoea ya mtu anayeiheshimu kazi, na tunawausia vijana wetu wa Visiwani wayatafakari. Wengi hudhani kwamba kuchekesha ni kipaji cha kuropoka. Sivyo. Kuchekesha kwa maandishi kunataka sikio lenye subira kuliko ulimi wenye haraka.

Sasa tuje kwenye godoro. Hadithi ilikuwa hivi. Mzee mmoja alikwenda afisini kutaka sahihi moja tu katika karatasi yake. Siku ya kwanza mtendaji akamwambia arudi kesho. Siku ya pili akaambiwa kesho. Siku ya tatu, kesho. Siku ya nne mzee akafika na godoro kichwani, akalitandika barazani mbele ya mlango. Alipoulizwa, akajibu kwa adabu: "Mwanangu, huyo Kesho nimemfuata siku tatu simpati. Nimeona nilale hapa hapa, ili akija anikute." Mtendaji wa hadithini alikuwa na tabia ya kutanguliza neno "kimsingi" katika kila sentensi, na alivaa sweta jekundu hata jua likiwa kali.

Mama lishe aliusimamisha mwiko. Si hivyo tu, alimwomba kijana aisome tena mbele ya madereva. Dereva mmoja akaipiga picha kurasa ile kwa simu yake ya mkononi, na kabla ya siku mbili kwisha hadithi ilikuwa imeshaenea mji mzima. Na mjini Tunduma alikuwapo mtendaji mmoja, mkubwa wa kazi wa kijana huyo huyo, ambaye kila sentensi yake ilianza na "kimsingi", na ambaye sweta lake jekundu lilijulikana kuliko bendera. Watoto wakaanza kumwita Kesho. Jumatatu yake kijana akaitwa na kuelezwa kwamba mkataba wake hautatiwa sahihi tena. Kwa bahati mbaya, safari hii sahihi haikuhitaji kusubiri.

Wazee wa mji waliona kwamba jambo hilo lisiachwe likaoza. Waliketi wakiwa na mwalimu mmoja mstaafu, wakamwita mtendaji, wakamwita kijana, na kwa heshima wakatukaribisha na sisi, wageni kutoka Visiwani, tuwe mashahidi wasioegemea upande. Kikao kilipangwa kufanyika siku ya pili yake. Usiku ule hatukulala vizuri, na sababu haikuwa baridi peke yake.

Yatupasa tukiri kwamba fikra yetu ya kwanza ilikuwa upande wa mtendaji. Sisi ni watu wa Chama. Tumelelewa katika nidhamu, kwanza chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, kisha katika skuli za Serikali. Tulifundishwa kwamba heshima ya mkubwa ni sehemu ya heshima ya kazi. Zaidi ya hayo, tuna kisa chetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikabidhiwa kusimamia gazeti la ukutani katika mafunzo ya vijana. Msichana mmoja akaleta hadithi ya kuchekesha juu ya kiongozi aliyekuwa akihutubia mpaka spika zikaomba maji. Tuliifuta kwa wino mwekundu, tukasema kwamba inamdhalilisha mkubwa wetu wa wakati ule. Baadaye tulibaini kwamba msichana hakuwa akimfikiria mkubwa wetu hata kidogo. Katika mafunzo yale, aliyekuwa akihutubia kwa muda mrefu kuliko wote tulikuwa sisi. Msichana hakuleta tena hadithi nyingine.

Kumbukumbu hiyo ilitufanya tumfikirie, katika usiku ule wa Tunduma, mwandishi mkubwa wa Visiwani ambaye kila msomaji wa Kiswahili anapaswa kumjua, yaani marehemu Muhammed Said Abdulla, muasisi wa Bwana Msa. Alizaliwa Makunduchi 1918. Na Makunduchi, kama tunavyojua sote, ndiko kunakofanyika Mwaka Kogwa, ambako kila mwaka wanaume hupigana hadharani kwa mabua ya migomba na wanawake huimba nyimbo za kutupiana maneno, kisha watu wakala pamoja na uhasama wa mwaka uliopita ukazikwa. Hatusemi kwamba sherehe hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwandishi. Tunasema tu kwamba alitoka katika jamii iliyokwisha kutambua, zamani sana, kwamba maneno makali yakipewa siku yake na mipaka yake huponya.

Tena tazameni kazi alizozifanya. Baada ya kumaliza masomo aliingia katika Idara ya Afya, akawa mkaguzi kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baadaye alisaidia uhariri katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akakabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, akabaki nalo mpaka alipostaafu 1968. Kwa maneno mengine, miaka mingi ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika utumishi wa umma. Mkaguzi wa afya huingia uani, hutazama kisima, husikia udhuru wa kila namna. Mhariri wa jarida la kilimo husoma barua za watu ambao wanauliza habari za mbolea lakini kwa kweli wanamlalamikia jirani. Mtu aliyepita katika kazi kama hizo hakosi kuyajua maisha ya watu kwa ndani, naye hahitaji kubuni sana.

Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu 1960. Ndani yake mna mauaji mahali pa mizimu, na watu wako tayari kuwasingizia mizimu. Bwana Msa, kwa kiko chake na utulivu wake, anaonyesha kwamba mizimu haina hatia na mkosa ni binadamu. Wahakiki wamemlinganisha na Sherlock Holmes wa Mwingereza Arthur Conan Doyle, na rafiki yake Najum wamemlinganisha na Daktari Watson. Ulinganisho huo una haki yake. Lakini anayewasikiliza Bwana Msa na Najum wakizungumza hujikuta yuko barazani Unguja, si London. Kicheko chake kimo katika namna watu wanavyosema, wanavyozunguka jambo, wanavyoficha wanalolijua na kujivunia wasilolijua.

Hebu tuhesabu pia miaka ya vitabu vyake, kwani hesabu hiyo inatufunza juu ya mazoea ya mwandishi mtumishi. Baada ya kitabu cha kwanza cha 1960, cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968, miaka minane baadaye, na huo ndio mwaka aliostaafu. Baada ya hapo vikafuatana: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne. Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka 1984, naye alifariki 1991. Hapana shaka kwamba muda wa kustaafu ulimpa nafasi. Lakini nafasi tupu haiandiki kitabu. Kilichoandikwa baada ya kustaafu kilikusanywa wakati wa kazi. Na tazameni jina la kitabu hicho cha mwisho: baada ya miaka ishirini na zaidi ya kuyafichua makosa ya wengine, mwandishi amelitia kosa jalada la shujaa wake mwenyewe. Huo ndio uungwana wa mcheshi.

Wala si yeye peke yake aliyekula mshahara wa Serikali huku akiandika. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na watu wa Tunduma, ambao forodha ndiyo pumzi ya mji wao, wana haki ya kujivunia kwamba mwandishi mkubwa kabisa wa Kiswahili alikuwa mtu wa kazi hiyo. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951 wakati nchi ingali chini ya wakoloni, aliichukua nchi nzima akaipandisha hewani, mahali ambapo hapana mtu angeweza kusema, "Hapa ni kwangu." Na bado kila aliyesoma habari za Karama na wajumbe waliotupwa gerezani kwa kuleta habari za manufaa alijua kwamba nchi ile haiko mbali.

Na katika Chama chenyewe, kicheko hakikuwa kigeni. Gazeti la Uhuru, lililokuwa la TANU, ndilo lililompa nafasi mchoraji Christian Gregory na Chakubanga wake, ambaye aliwachekesha wasomaji kwa vituko vya maisha ya kila siku, na umaarufu wake ukawa mkubwa hata jina lake likawa jina la katuni kwa jumla. Gazeti hilo hilo lilieneza siasa ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao katika kifungu chake cha 15 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Kwa hiyo wale wazee walioandika mwongozo huo walijua kwamba kiongozi anaweza kupotoka. Na chombo chenye kuukumbusha uongozi bila ya kumwaga damu wala machozi, mbali ya vikao, ni hadithi ya kuchekesha.

Mpaka hapo tulikuwa tumekwisha kuhamia upande wa kijana. Lakini mtu aliyesoma chuoni hawezi kuishia hapo. Sura ya 49 ya Kurani, Al-Hujurat, inawakataza watu kudharauliana na kupeana majina ya kejeli, na inakumbusha kwamba anayechekwa huenda akawa bora kuliko anayecheka. Wahenga wetu nao walisema: mcheka kilema hafi bila kumfika. Je, watoto walipomwita mtendaji yule Kesho, halikuwa ndilo hilo jina la kejeli? Naye ana mke, ana watoto wanaokwenda skuli, na mzaha wa mji hauishii mlangoni kwa baba.

Tukatafuta mfano kwa walioishi na hatari hiyo. Karne ya 9, katika mji wa Basra, mwanachuoni Al-Jahiz aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili, na msomaji akikifunga hujikagua mfuko wake mwenyewe. Katika zama zetu, nchini Kenya, alikuwapo marehemu Wahome Mutahi, aliyefariki 2003, ambaye kwa miaka mingi aliandika katika magazeti ya Jumapili safu iliyoitwa Whispers. Aliandika nyumba yake mwenyewe: mke aliyempa jina la Thatcher, mama yake mzazi, watoto wake. Wasomaji walijua kwamba mambo yale yana mzizi wa kweli. Lakini mjinga mkubwa katika safu ile alikuwa baba mwenye nyumba, yaani yeye. Mwaka 1986 alikamatwa na kufungwa kwa tuhuma za kisiasa. Alipotoka aliendelea kuandika. Tukaona hapo kanuni moja: mwandishi anayejiweka mwenyewe mstari wa mbele wa kuchekwa anayo ruhusa ya kuwacheka walio nyuma yake.

Asubuhi kikao kikafunguliwa. Mtendaji alikuja na sweta lake jekundu, na tulimwona kuwa ni mtu aliyechoka kuliko mtu aliyekasirika. Kijana akaulizwa kama hadithi ni ya kweli. Akajibu kwamba ina mzizi. Hakukuwa na mzee, alikuwapo mama mjane; wala hakuleta godoro, alileta mkeka na sufuria yake, akaketi barazani. "Mkeka nikaufanya godoro, wazee wangu, na mama nikamfanya mzee, ili mwenyewe akiisoma asione haya."

Mwalimu mstaafu akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza: "Mwanangu, yule mama ulimvika nguo nyingine ili asijulikane. Na huyu baba, mbona ulimwacha na sweta lake?"

Kijana hakujibu.

Hapo mtendaji akaomba kusema. Alieleza kwamba katika siku zile mwenzake wa afisini alikuwa likizoni, na mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitalini Mbeya. Alikuwa akitoka kazini jioni anakwenda kumwuguza, anarudi alfajiri. Sahihi ile ilihitaji jalada ambalo lilikuwa kwa mwenzake. Kila aliposema kesho, aliamini kwamba kesho litapatikana. "Sikumwambia yule mama habari hizo," akasema. "Niliona kwamba si za kuwaambia watu. Nilimwambia kesho tu. Laiti ningemweleza, nadhani asingeleta mkeka." Katika maelezo yote hayo, ndugu msomaji, hakusema "kimsingi" hata mara moja.

Baraza lilinyamaza. Kijana aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Shikamoo, mzee. Nisamehe. Nilisikiliza maneno, sikuuliza habari." Tunaiandika sentensi hiyo kama ilivyo, kwa sababu tunaiona ni somo kubwa kwa kila mwandishi wa vichekesho. Yeye alikuwa na sikio jema, lakini alilisikia neno "kesho" bila ya kujua lilitoka katika kifua cha namna gani. Na mtendaji alikuwa na udhuru mwema, lakini aliuficha, akamwachia mwananchi ubaridi wa baraza. Kila mmoja alikuwa na haki nusu, na nusu nyingine aliipoteza kwa kunyamaza.

Wazee waliamua mambo matatu. Kwanza, kijana arejeshwe kazini, kwa kuwa hakutoa siri ya afisi wala hakusema uongo juu ya jambo lenyewe: mwananchi alilala barazani, na hilo halikuwa la kubuni. Pili, aifanyie hadithi yake marekebisho. Sweta litoke, na neno "kimsingi" litoke. Tatu, hadithi isifutwe. Katika uamuzi huo wa tatu sisi pia tulitoa sauti yetu, tukiikumbuka kalamu yetu nyekundu ya zamani. Tulisema kwamba ukiifuta hadithi, mkeka unabaki barazani. Lakini ukiiacha, huenda mwenye baraza akaona aibu akaukunja.

Kijana aliirekebisha. Mtendaji wa hadithini akawa hana sweta, hana neno la mazoea, hana sura. Akabaki na meza, mlango na kesho. Hadithi ikasomwa tena mbele ya mama lishe na, kama ilivyotarajiwa, ikaenea tena.

Wiki mbili baadaye, tulipokuwa tukijitayarisha kurudi nyumbani, tulimtembelea mtendaji yule kumuaga. Mama yake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini. Juu ya mlango wa afisi palikuwa na karatasi iliyoeleza kwamba jalada lisipokuwapo, mwananchi ataelezwa sababu na atapewa siku maalumu ya kurudi. Alitukaribisha kiti, akatufungia mlango, na akatwambia huku akijizuia kucheka: "Ndugu zangu wa Visiwani, lipo jambo. Tangu sweta langu lilipotolewa katika hadithi ile, wameshanijia wakubwa wanne wa afisi nyingine kulalamika. Kila mmoja anasema ni yeye."

Tunayaeleza hayo si kwa kusudi la kuwafurahisha wasomaji peke yake. Hapa Visiwani nasi tunazo afisi, tunazo baraza, na tunalo neno kesho, ambalo Kiswahili chetu hulitamka kwa ulaini wa ajabu. Wako pia vijana wenye makauntabuku. Tangu 2023 Taifa limekuwa likitoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na Baraza letu la Kiswahili la Zanzibar limekuwapo tangu 1986. Basi vijana hao wasiachwe wakidhani kwamba kalamu ni njia ya kupoteza mkate. Kwao tunasema: mfanye mtu asijulikane na kosa lijulikane; jiwekeni na nyinyi wenyewe ndani ya hadithi; na kabla ya kumcheka mtu, muulizeni habari zake. Na kwa ndugu zetu watendaji tunasema: hadithi ya kuchekesha ikikufikia mezani, usiulize kwanza ni nani aliyeiandika. Fungua mlango, utazame barazani kama pana mkeka.

Sisi kwa upande wetu tulirudi Unguja, na jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kumtafuta yule msichana wa gazeti la ukutani. Sasa ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa skuli. Tulimwomba radhi. Alitutazama kwa mshangao, akasema hadithi ile ameshaisahau. Kisha akatuomba tusimame kidogo, akaingia ndani, na akatoka na daftari.